Mwokozi wa Benki si Mwokozi wa Mwenye Hisa

Imeenea baina ya wanunuzi wadogo wa hisa nchini Kenya itikadi ambayo, kwa wingi wa wanaoishika na uchache wa wanaoipima, imekaribia kuwa kanuni isiyoulizwa: kwamba benki iliyopatwa na msukosuko ndiyo mahali pa chumo kubwa kwa mtu mwenye ujasiri na subira. Hoja za wanaoitetea ni nne, nazo hurudiwa penye ofisi za madalali wa hisa na katika mikutano mikuu ya kila mwaka kwa sauti ya yakini: ya kwanza, kwamba benki yenye mkono wa serikali haiachwi ikaanguka, ya pili, kwamba vitabu vyake vyaonyesha thamani maradufu ya bei iliyoko sokoni, ya tatu, kwamba hisa iliyokwisha kushuka hivi haina tena pa kushukia, na ya nne, kwamba mambo yakizidi kuharibika atatokea tajiri wa kuinunua benki nzima, naye hatakosa kulipa ziada juu ya bei ya soko. Itikadi hii nakusudia kuipinga, wala si kwa kuwa wenye kuishika ni wajinga, la hasha, bali kwa kuwa katika kila hoja kati ya hizo nne mna kweli nusu, na kweli nusu humpoteza mtu mbali zaidi kuliko uongo mtupu, ambao aghalabu hujulikana mapema.

Malumbano haya hayakosi mfano uliokwisha, ambao twaweza kuuhukumu kwa hatima yake. National Bank of Kenya iliasisiwa mwaka 1968 ikiwa mali ya serikali pekee. Mwaka 1994, na tena mwaka 1996, sehemu ya hisa zake ikauzwa kwa raia, hata umiliki ukawa umegawanyika baina ya NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, ulioshika karibu asilimia 48, Hazina ya Taifa, iliyoshika asilimia 22 na nusu, na wenye hisa wengineo, waliogawana asilimia 29 na ushei zilizosalia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 benki ilielemewa na mikopo isiyolipika hata wenye amana wakaingiwa na fadhaa. Ikaokolewa, ikapata nguvu, ikatangaza faida mwaka baada ya mwaka, kisha ikaelemewa tena, na ilipofika mwaka 2019 ikamezwa na benki ya KCB. Katika kipindi chote cha udhaifu wake wa pili wanunuzi wadogo hawakuacha kuifuata, kila bei iliposhuka wakaongeza, wakiambiana kwamba yaliyokuwa ndiyo yatakayokuwa.

Na haki yasema tukiri kwamba hawakuitoa dhana hiyo hewani. Mwaka 2007 serikali iliipa benki hiyo hati za dhamana zenye thamani ya shilingi bilioni 20, na kwa tendo hilo moja mzigo mkubwa wa mikopo mibovu uliondoka vitabuni, ukapokewa na karatasi safi yenye kuzaa riba. Aliyenunua hisa kabla ya siku hiyo na akastahimili alivuna, na habari ya mavuno yake ikasafiri kama zinavyosafiri habari zote za namna hiyo, ikiacha nyuma sababu na kubeba matokeo peke yake. Lakini sababu ndiyo yenye mafunzo. Serikali haikutoa bilioni 20 kwa huruma juu ya wenye hisa, wala kwa ghera ya kulinda jina la taifa. Ilitoa kwa sababu madeni yale yalikuwa ya mashirika yake yenyewe na ya wale iliowadhamini, ikawa inalipa deni lake, tena kwa kuchelewa. Msukosuko uliozuka mwaka 2016 ulikuwa wa jinsi nyingine, kwa kuwa sehemu kubwa ya waliokopa wakashindwa kulipa walikuwa wafanyabiashara na makampuni ya watu binafsi, ambao serikali haikuwadhamini wala haikuwa na wajibu wa kuwalipia. Aliyengoja mwaka 2007 urudi alikuwa akimngoja mdeni ambaye alikwisha kulipa, akaenda zake.

Hoja ya kwanza, basi, ina kasoro hii, kwamba yachanganya vitu viwili vilivyo mbali: kuokoka kwa benki na kuokoka kwa mwenye hisa. Wasomaji wanaojua mirathi wanalifahamu jambo hili vema kuliko wanavyodhani, maana mrithi hagusi kitu cha marehemu ila baada ya kutolewa gharama za maziko, kulipwa madeni, na kutekelezwa wasia ulio halali. Kisha kikibaki kitu hugawanywa, na kisipobaki, undugu wake na marehemu haumfai kitu mbele ya wadai. Mwenye hisa amesimama katika benki mahali alipo mrithi. Mbele yake wapo wenye amana, wapo waliokopesha benki, wapo wenye hisa za upendeleo, zinazotanguliwa kulipwa kabla ya hisa za kawaida. Naye yuko mwisho wa safu. Katika miaka ya neema kuwa mwisho ni fahari, kwa sababu kinachozidi ni chake chote; katika miaka ya shida mahali pale pale ndipo hasara inapoanzia kula, wala haiwagusi walio mbele hata imalize fungu lake.

Benki Kuu inapoingia kuiokoa benki huingia kwa ajili ya amana, kwa kuwa fadhaa ya wenye amana huambukiza benki nyingine, na hata amana zenyewe haziokoki zote wala kwa wakati. Imperial Bank ilipofungwa Oktoba 2015, na Chase Bank ikawekwa chini ya msimamizi Aprili 2016, wenye fedha nyingi walikaa miaka wakingoja, na wale wa Chase walisubiri hadi mwaka 2018 ndipo benki ya SBM ilipochukua sehemu ya amana na mali. Ikiwa mwenye amana, ambaye sheria imemtanguliza na bima ya amana imemwekea kiasi cha kumsitiri, aliyaona hayo, seuze mwenye hisa, ambaye hakuna sheria iliyomwahidi chochote? Tena hili si la Kenya peke yake. Uingereza, mwaka 2007, watu walipopanga foleni kutoa fedha zao katika Northern Rock, serikali ilisimama imara ikadhamini kila amana, na Februari 2008 ikaitaifisha benki nzima. Wenye hisa, ambao wengi wao walikuwa raia wa kawaida waliopata hisa hizo pale chama chao cha akiba na mikopo ya nyumba kilipogeuzwa kampuni mwaka 1997, waliambiwa na mthamini kwamba hisa zao hazina thamani hata ya peni moja, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Serikali haikuiacha benki ianguke, kama walivyotabiri. Wala utabiri wao uliotimia haukuwapa kitu.

Huenda mtetezi akajibu kwamba katika National Bank serikali haikuwa mwokozi wa nje bali mwenye hisa mwenza wa wanunuzi wadogo, na kwamba haitaacha mali yake iangamie. Jibu hili lina mvuto, ila limesahau kwamba ushirika wa mkubwa na mdogo si lazima uwe ushirika wa maslahi. Wasimamizi wa NSSF wana amana ya wafanyakazi shingoni, na Hazina ina fedha za walipa kodi. Wote wawili wakiona kwamba kuongeza mtaji ni kutupa fedha njema kuzifuata mbovu, wajibu wao ni kujizuia, hata kama kujizuia huko kwamwumiza mwenye hisa mia tano aliyeko Kisauni au Kakamega. Ndivyo ilivyokuwa. Mpango wa kukusanya mtaji mpya kwa kuwauzia wenye hisa wa zamani hisa nyingine ulizungumzwa kwa miaka bila kutimia, na benki ikaendelea chini ya kiwango cha sheria, ambayo yataka mtaji wote usipungue asilimia 14 na nusu ya mali zake zilizopimwa kwa hatari zake.

Hoja ya pili ni ya vitabu, nayo ndiyo inayowanasa watu wenye elimu, kwa sababu ina sura ya hesabu. Husema mwenye kuitoa: gawanya mtaji wa benki kwa idadi ya hisa, utapata shilingi kadhaa, sasa tazama bei ya sokoni, ni nusu au theluthi ya hiyo, basi anunuaye leo ananunua shilingi kwa senti 40. Lakini mali ya benki si mashine wala ghala la kahawa, vitu ambavyo mtu aweza kuviendea akavihesabu; mali ya benki ni ahadi za watu waliokopa, na thamani iliyoandikwa ni makadirio ya wakuu wa benki juu ya nani atalipa na nani hatalipa. Chukua benki yenye mali za shilingi 100, ambazo 90 ni za wenye amana na 10 ni za wenye hisa. Wakuu wakiwa wamekosea kidogo tu, mali zenye kuitwa 100 zikawa 93, thamani ya vitabuni ya mwenye hisa haikupungua kwa saba katika mia. Imeanguka kutoka 10 hadi 3. Bei ya sokoni inapokuwa theluthi ya ile ya vitabuni, maana yake aghalabu si kwamba soko limelala, bali kwamba soko haliyaamini makadirio hayo.

Na soko lilikuwa na sababu. Mwaka 2015 National Bank ilitangaza faida katika taarifa zake za robo tatu za mwanzo, kisha hesabu za mwaka mzima zilipokamilika ikaonekana hasara iliyozidi shilingi bilioni moja, kwa sababu mikopo iliyokuwa ikihesabiwa kuwa salama ilibidi itengewe akiba ya hasara. Machi 2016 bodi ikamwondoa ofisini kwa likizo ya lazima mkurugenzi mkuu pamoja na maafisa wakuu kadhaa, na mwaka 2018 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikachukua hatua juu ya baadhi ya waliokuwa viongozi kwa ajili ya taarifa hizo. Ajabu ni kwamba hata baada ya hayo walikuwapo waliogawanya mtaji ule ule kwa hisa zile zile, wakapata jibu lile lile, wakaliita burhani. Kitabu ambacho waandishi wake wamekwisha kutiwa shakani hakiwi ushahidi wa thamani; ni dai tu, linalongoja ushahidi.

Hoja ya tatu, kwamba iliyoshuka sana haina pa kushukia, haihitaji maneno mengi, kwa kuwa hesabu yake ni fupi. Hisa iliyotoka shilingi 30 ikafika 15 imepoteza nusu. Aliyeinunua kwa 15 kwa hoja kwamba ni rahisi, kisha ikafika 5, amepoteza theluthi mbili, yaani amepata hasara kubwa zaidi kwa sehemu ya fedha yake kuliko ile aliyokuwa akiicheka kwa wenzake. Bei ya jana haina ahadi yoyote kwa bei ya kesho. Na wale wanaonunua zaidi kila inaposhuka ili wapunguze wastani wa gharama yao, wanapunguza kweli wastani, lakini wanaongeza rasilmali iliyo hatarini, tena katika chombo ambacho kila dalili mpya imekuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Subira ni sifa njema kwa mtu anayengoja jambo ambalo sababu zake zinaonekana. Kungoja pasipo sababu ni ajizi iliyovikwa joho la subira.

Nimeiacha hoja ya nne mwisho kwa kuwa ndiyo iliyotimia, na kutimia kwake ndiko kulikoifichua. Tajiri alitokea. Aprili 2019 KCB ilitoa ombi la kuichukua National Bank yote kwa kubadilishana hisa: hisa 10 za National Bank kwa hisa moja ya KCB, jambo ambalo, kwa bei za wakati ule, lilifanya kila hisa ya National Bank iwe sawa na shilingi nne hivi. Ziada waliyoiota wanunuzi haikuwamo. Lakini hata hilo si kiini cha habari. Kiini ni sharti lililofungamana na ombi hilo, kwamba hisa za upendeleo bilioni 1.135, zilizokuwa mikononi mwa wakubwa wale wawili, NSSF na Hazina, zigeuzwe kwanza kuwa hisa za kawaida. Hisa za kawaida zilizokuwapo zilikuwa milioni 338 na ushei. Baada ya kugeuza zikawa karibu bilioni 1.474, na kwa jumla hiyo KCB ikatoa hisa zake mpya zipatazo milioni 147. Raia waliokuwa na asilimia 29 za benki waliamka wakiwa na chini ya asilimia saba, pasipo wao kuuza hata hisa moja.

Wengi walilia kwamba wamedhulumiwa, na baadhi ya wabunge walilalamika kwamba benki inatolewa kwa bei duni; lakini mauzo yalipita, na hisa zikaondolewa sokoni. Mimi sioni dhuluma hapo pahali wanapoiona wao. Hisa zile za upendeleo hazikuwa siri iliyofichwa kabatini. Zilikuwa zimeandikwa katika taarifa ya kila mwaka, pamoja na haki yake ya kugeuzwa, na mtu yeyote aliyegawanya mtaji kwa hisa milioni 338 badala ya kuzijumlisha na zile bilioni moja na zaidi alikuwa akigawa urithi huku amewasahau wenye kudai. Fauka ya hayo, mnunuzi anayeikuta benki iliyopungukiwa mtaji hana sababu ya kulipa ziada, kwa maana anajua kwamba baada ya kulipa bei itambidi atie mtaji mwingine, na kila shilingi atakayotia kesho amekwisha kuipunguza katika bei ya leo. Muuzaji naye hana pa kukimbilia, kwani Benki Kuu imesimama nyuma yake. Katika mapatano ya namna hiyo, nani atamkumbuka mwenye hisa mdogo, ambaye hana kiti mezani wala kura ya kuzuia?

Sasa nitakabiliwa na mfano ambao watetezi wa siku hizi wanaupenda zaidi, nao ni wa HF Group, iliyotokana na Housing Finance. Kampuni hiyo ilipata hasara miaka minne mfululizo, tangu 2018 hata 2021, ikarudi kwenye faida mwaka 2022, na bei ya hisa yake ikapanda hata wale waliokuwa wakiidharau wakajuta. Mfano huu sikatai kuwa ni wa kweli, bali nasema kwamba ushahidi wake ni wangu. HF haikuokolewa na uchache wa bei yake wala na subira ya waliokaa wakitazama. Mwishoni mwa mwaka 2024 iliwaita wenye hisa wake watoe fedha mpya, ikawauzia hisa kwa shilingi nne, walioitikia wakazidi kiasi kilichoombwa, na hisa zilizozaliwa zikawa nyingi kuliko zile za zamani. Aliyetia fedha mpya aliingia katika benki iliyokwisha kurudi kwenye faida, na akijua mtaji unatoka wapi, unakuja kwa bei gani, na yeye atabaki na fungu gani. Aliyekataa au aliyekosa fedha alipunguziwa fungu lake kuwa sehemu ndogo ya lilivyokuwa. Basi hata katika benki iliyopona, tofauti haikuwa baina ya aliyesubiri na asiyesubiri, bali baina ya aliyekuwa upande wa mtaji unaoingia na aliyekuwa upande wa mtaji unaopunguzwa.

Ndiyo maana nasema kwamba malumbano yote juu ya bei ni malumbano juu ya swali lisilo lake. Mwenye kufikiri kununua hisa za benki yenye shida asiulize imeshuka kiasi gani. Aulize benki hii imepungukiwa mtaji kiasi gani, nani atautia, kwa masharti gani, na baada ya kutiwa mimi nitakuwa na fungu gani. Asiyeweza kuyajibu hayo kwa karatasi iliyo mbele yake hanunui hisa, ananunua dhana. Na maswali haya hayakupata kuwa na haja kubwa kama sasa, maana sheria iliyopitishwa Kenya mwaka 2024 imepandisha kima cha chini cha mtaji wa msingi wa benki kutoka shilingi bilioni moja hadi bilioni 10, kipandishwe kwa daraja hata mwaka 2029. Benki ndogo zitatafuta fedha, nyingine zitauzwa, nyingine zitaunganishwa, na kila itakapovuma habari ya mnunuzi, itikadi hii ya kale itafufuka na kupewa jina jipya.

Nitaambiwa kwamba kwa nasaha hizi nawakatisha tamaa wanyonge, na kuwaachia matajiri soko lote, kwani tajiri ndiye anayenunua penye hofu na kuneemeka. Hoja hii ina uchungu ndani yake, nami siidharau. Lakini ni kinyume cha mambo yalivyo. Tajiri anunuapo penye hofu hununua akiwa na uwezo wa kuweka masharti: hutaka hisa za upendeleo, hutaka viti katika bodi, hutaka madeni yafanyiwe ukaguzi kabla hajatoa hata senti, na akikataliwa huondoka. Mnyonge anayemwigiza kwa kununua hisa za kawaida sokoni ameiga mwendo akaacha silaha. Amesimama upande ule ule ambao masharti ya tajiri yanalipiwa. Kumzuia asisimame hapo si kumnyima utajiri. Zipo benki zenye mtaji wa kutosha, zinazolipa gawio, ambazo hisa zake huuzwa katika soko hilo hilo na kwa madalali hao hao, na ambazo hazimtaki mwenye hisa mia tano awe bingwa wa kutabiri maamuzi ya Hazina na Benki Kuu. Aliyechuma akiba yake kwa jasho na hana sauti katika chumba ambamo benki mgonjwa hugawanywa, na aiache kwa walio na sauti hiyo, nao wakipata faida asiwahusudu, maana waliilipia kwa uwezo ambao yeye hakuwa nao.